BUSTANI YA NYUMBANI WAKATI WA KIANGAZI: SOMO KWA MATAWI YA KIGALI



Kila ufikapo mwezi wa Juni mvua hukatika Kigali, na haipiti muda fungu la mboga sokoni huwa dogo na bei yake hupanda. Mshahara wa kiwandani, ama ule wa kuchuma chai, hauongezeki kwa sababu jua limewaka. Ndiyo maana tumeamua kutoa somo juu ya bustani ya nyumbani, na hasa jinsi ya kuivusha kiangazi. Mwishoni tutasema pia jambo linalokihusu chama moja kwa moja, nalo ni kuilinda bustani hiyo isije ikageuzwa kuwa hoja ya kumnyima mfanyakazi mshahara wa haki.

Tuanze na majira. Wenyeji wa Rwanda hugawa mwaka katika sehemu nne: Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, Itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, Icyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, na Umuhindo, mvua zinazoanza Septemba hadi Desemba. Mji wa Kigali uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku huwa wa baridi kidogo na mgeni anaweza kudhani mimea haipati taabu. Si kweli. Tuko karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana hupiga wima, na upepo wa Julai hukausha udongo mwekundu wa vilimani mpaka ukapasuka. Kinachoua mboga za Kigali ni kiu. Mwenye kuelewa hesabu ya maji ameelewa nusu ya kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika siku za kiangazi kitalu cha mboga cha meta moja ya mraba hupoteza kiasi cha lita 4 hadi 5 za maji kwa siku, kupitia majani na kupitia udongo. Chukua kamba ya meta moja, ifunge kwenye kigingi, zunguka nayo ukichora duara. Duara hilo lina eneo la meta 3 za mraba na ushei. Lita 5 mara 3 ni lita 15, yaani robo tatu ya jerekani moja ya lita 20. Hicho ndicho kitalu ambacho familia ya mfanyakazi inaweza kukinywesha kila siku bila kujinyima maji ya kupikia. Wako ndugu ambao mwezi wa Aprili, mvua zinaponyesha, hulima kiwanja kizima, na Julai wanatazama kiwanja kizima kikikauka. Afadhali duara moja lililo hai.

Duara hilo ndilo linaloitwa akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, ambayo serikali imeihimiza kila nyumba iwe nayo. Wengi tumeiona, wengine tumeijenga siku mkaguzi anapita, kisha tukaiacha iote magugu. Ijengwe kwa ngazi kama keki ya arusi: duara la chini lizungushiwe mawe au matofali mabovu kwa kimo cha sentimeta 30 hivi, likijazwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha duara dogo zaidi juu yake. Katikati acha shimo lenye kapu la fito, ambamo hutupwa maganda ya viazi na ndizi, majani yaliyosinyaa na majivu kidogo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagwe hapo katikati. Yatashuka taratibu yakibeba mbolea hadi kwenye mizizi, badala ya kuteremka mlimani na kuishia kwa jirani wa chini. Kwa mji uliojengwa juu ya vilima kama wetu faida hiyo si ndogo.

Maji ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga yasimwagwe kwenye mboga, kwa kuwa yana chumvi ambayo hujikusanya udongoni. Yape mgomba au mti.

Na hapa tuseme kwa msisitizo. Madumu na mapipa yaliyowahi kutiwa dawa za wadudu, rangi au kemikali za kiwandani yasitumike kabisa kuhifadhi maji, hata kama yameoshwa mara kumi. Tunajua kwamba dumu zuri lenye kifuniko ni kishawishi, na kwamba katika sehemu nyingine za kazi huuzwa au hugawiwa kwa wafanyakazi kana kwamba ni zawadi. Dawa hujificha ndani ya plastiki yenyewe na kutoka polepole. Mjumbe wa tawi anayesikia kwamba madumu hayo yanagawiwa alipeleke suala hilo kwenye kamati ya afya na usalama kazini, maana hilo ni jambo la usalama kama mashine isiyo na kinga.

Wenye paa la bati wana kisima juu ya vichwa vyao. Milimeta moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la meta 20 za mraba, mvua ikinyesha milimeta 10 jioni moja, hutiririsha lita 200. Hata nyingine zikimwagika, pipa litajaa. Pipa halitoshi miezi mitatu ya Icyi, hilo tusidanganyane, lakini litavusha wiki mbili za mwanzo, na wiki mbili hizo ndizo zinazoipa miche nafasi ya kuzamisha mizizi. Pipa lifunikwe, mbu wasije wakazaliana humo.

Baada ya maji, la pili ni matandazo. Udongo usikae uchi. Funika kwa nyasi kavu, maganda ya maharage au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Utashangaa asubuhi ukifunua: chini bado kuna unyevu ambao kwa jirani ulikwisha jana. Nyweshea jioni jua linapotua au alfajiri kabla ya kwenda kazini, na unyweshee udongo, si majani. Miche michanga iwekewe kivuli cha majani ya mgomba juu ya vijiti kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana, kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kivuli kipunguzwe kidogo kidogo.

Kuhusu cha kupanda, tunashauri uanze na mboga zilizozaliwa katika nchi za joto. Mchicha, ambao hapa huitwa dodo, huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukiukata na kuacha kisiki cha sentimeta 10 au 15 utachipua tena mara kadhaa. Mgagani, ndio isogi, huvumilia ukame kuliko kabeji yoyote. Ngogwe (intoryi) huchelewa, lakini ikianza kuzaa huendelea kwa miezi. Majani ya maboga hufunika ardhi na kuliwa pia. Sukuma wiki hutaka maji zaidi, lakini hudumu sana, na vichipukizi vyake vya pembeni huweza kukatwa na kupandwa bila kununua mbegu. Nyanya tunaziacha kwa mwenye nafasi na subira. Ukungu huzipiga wakati wa mvua na kiu huzipiga wakati wa jua, na mwenye kitalu kimoja hana sababu ya kupigana vita viwili. Miche ya kupokea mvua za Septemba isiwe mbegu dukani hadi siku hiyo: isiwe kwenye kitalu kwa kuchelewa, ianze kuoteshwa Agosti.

Wako watakaosema: mimi nimepanga chumba kimoja, ua ni wa mwenye nyumba. Kwao ipo bustani ya gunia. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, njia hii ilienea baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu walipokosa chakula na ardhi haikuwapo. Kazi yake ni hii: simamisha gunia, weka katikati kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, kisha mimina udongo wenye samadi kulizunguka. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu na ulijaze tena, mpaka uwe na nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Maji humwagwa kwenye nguzo hiyo na kusambaa pande zote. Ubavuni toboa matundu, shibiri moja kati yake, na kila tundu lipandwe mche. Ukihama, unahama na gunia lako. Ila zungumza na mwenye nyumba kwanza, afadhali mbele ya shahidi, ili asije akasema ukuta wake umeoza kwa sababu ya mboga zako. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, kwa hiyo vikopo vya miche tengeneza kwa magamba ya mgomba yaliyokunjwa. Huzikwa pamoja na mche na kuoza humo humo.

Wengine huvutwa na mabonde, kwa kuwa huko maji hayakauki hata Agosti. Tunawaomba wafikiri mara mbili. Kwa miaka mingi viwanda vya Gikondo na karakana za mjini vilitiririsha maji machafu kuelekea bonde la Nyabugogo, na wataalamu waliopima matope na mimea ya bonde hilo walikuta madini mazito kama risasi na kadimiamu. Mboga za majani huyafyonza madini hayo na huonekana nzuri tu, kijani kibichi. Tena mabonde hayo yako chini ya ulinzi wa serikali, na anayelima humo hupoteza jasho lake siku moja.

Sasa juu ya ushirikiano. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hulala mchana; mchuma chai hutoka alfajiri. Bustani ya mtu mmoja hufa siku mbili alizozidiwa na kazi. Lakini watu sita au wanane wa ua mmoja wakipanga zamu ya kunywesha, bustani zote huishi. Rwanda ina neno la kale kwa jambo hili, ubudehe, yaani watu kulimiana kwa zamu. Wengi wetu tumo katika ibimina vya kuweka akiba, na kikundi kile kile kinaweza kununua reki moja, kopo moja la kunyweshea na kusomba samadi kwa mara moja. Kibenki kikubwa cha kikundi kiwe mbegu. Acha mashina mawili ya dodo yaliyo bora yakomae bila kukatwa. Shina moja hutoa mbegu maelfu, za kutosha ua mzima. Zikaushwe kivulini, zichanganywe na majivu, zitiwe kwenye chupa kavu yenye jina na mwezi. Tumeona pia kwamba mahali penye bustani za pamoja hata mkutano wa tawi huhudhuriwa vizuri zaidi, lakini hilo kila tawi lijionee.

Tumefika kwenye jambo la chama. Katika mazungumzo ya mishahara hatukosi kusikia mwajiri akisema: "Watu wenu wana mashamba yao, wana mboga zao." Maneno hayo ni mazee. Wakati wa ukoloni wenye mashamba makubwa Afrika Mashariki walilipa mshahara wa mtu mmoja tu, tena kapera, kwa hoja kwamba mkewe na watoto wanalishwa na jembe lao kijijini. Katika mkonge wa Tanganyika mtu alijaza kipande cha siku 30 za kazi ndipo alipwe, na jembe la mkewe ndilo lililofidia kilichopungua. Jasho la mama shambani lilikuwa ruzuku kwa mwenye kampuni.

Tumjibu kwa hesabu. Mtu mmoja, kwa wastani wa wakubwa na wadogo, huhitaji kalori 2,100 kwa siku. Familia ya watu watano ni 10,500. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kalori 23 hivi. Kwa hiyo kuishibisha familia hiyo kwa mchicha peke yake kunahitaji zaidi ya kilo 45 kila siku, mzigo ambao hata ng'ombe angeutazama mara mbili. Kwa unga wa mahindi ni kilo 3 tu, na unga hununuliwa kwa fedha. Bustani hutupa vitamini na madini ya kujenga damu, na katika nchi ambayo uchunguzi wa 2019-20 ulikuta watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, hilo ni jambo kubwa. Lakini haitoi unga, mafuta, maharage, kodi ya nyumba wala daftari la shule.

Tukumbuke pia kwamba kima cha chini cha mshahara cha Rwanda kiliwekwa mwaka 1980, nacho kilikuwa faranga 100 kwa siku, fedha ambayo leo hainunui hata kilo moja ya maharage. Sheria ya kazi ya 2018 ilisema kima kipya kitawekwa kwa agizo la waziri, na miaka iliyofuata vyama vya wafanyakazi vililazimika kuendelea kulidai agizo hilo. Mjumbe anayekwenda mezani asione haya kusema kwamba wanachama wake wanalima mboga. Aseme na kilo 45 pia.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo, kabla ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: Katika ua wenu, ni jerekani ngapi za maji zinaweza kutengwa kila siku kwa ajili ya bustani, na zinatosha meta ngapi za mraba? Ni nani katika kikundi anayeshinda nyumbani saa ambazo wengine wako kazini, na mtamlipaje fadhila yake? Je, kazini kwenu madumu ya dawa huenda wapi yakiisha? Na familia ya mwanachama mmoja wenu hutumia fedha kiasi gani kwa wiki kununua vyakula ambavyo bustani haiwezi kutoa? Majibu ya swali hili la mwisho yaandikwe na kuletwa kwa katibu wa tawi, yatahitajika katika mazungumzo yajayo ya mishahara.