Uteuzi wa Prosesa na Ubao Mkuu kwa Taasisi za Pwani: Mfano wa Bagamoyo

Makala hii inajadili iwapo taasisi ya Bagamoyo, mathalani TaSUBa, inahitaji kompyuta ya prosesa mbili. Ubao mkuu (mafundi huuita mazabodi) wa matundu mawili ni ghali kuliko wa tundu moja, na faida yake hutegemea kazi. Kwa mujibu wa hoja ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, iwapo asilimia 60 ya kazi inagawanyika, prosesa mbili huongeza kasi hadi mara 1.43, wala si mara 2. Kazi ya kuhariri video za ngoma hugawanyika vyema. Ya kuchapa mitihani haigawanyiki. Aidha, prosesa moja ya leo ina viini kadhaa, nayo yatosha. Fedha itakayosalia inunue betri ya akiba na kuziba vema chumba, maana hewa ya chumvi hula viungio vya shaba bila kuhesabu prosesa.