Kudurufu Jeni na Kuunda Protini: Mfano wa Insulini

Kitenzi 'kudurufu', kilichozoeleka katika uchapaji, chaweza kubeba dhana ya kunakili jeni ndani ya bakteria. Hata hivyo, protini haidurufiwi. Huundwa kwa kufuata maagizo ya jeni. Tofauti hiyo yabainika katika insulini, protini inayodhibiti sukari katika damu, ambayo awali ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mnamo 1978, watafiti nchini Marekani walipachika katika bakteria jeni za minyororo yake miwili, yenye asidi amino 21 na 30. Sharti minyororo hiyo iunganishwe ndipo insulini itende kazi. Dawa hiyo iliidhinishwa nchini humo mwaka 1982. Hivyo, mwanaistilahi akichanganya 'kudurufu' na 'kuunda', mgonjwa wa kisukari hataelewa asili ya dawa yake.