Mfahamu Komba Mdogo wa Milima ya Taita

Wengi wanaujua msemo "kulewa kama komba", kwa kuwa komba mkubwa hupenda kunywa mnazi kwenye vibuyu vya wagema. Huyo ndiye anayelia usiku kama mtoto na kusogea hadi karibu na nyumba. Lakini Milima ya Taita ina komba mwingine, mdogo sana, ambaye wakazi wengi hawajawahi kumwona.

Uzito wake haufiki gramu 200. Amethibitishwa kuishi katika misitu ya Ngangao na Mbololo. Ngangao ina takriban hekta 120 tu, na kati ya misitu hiyo miwili kuna mashamba na makazi. Komba wa upande mmoja hawezi kuvuka kwenda upande wa pili.

Mchana hulala ndani ya tundu la mti. Giza likiingia, hutoka kutafuta wadudu na matunda, akiongozwa na macho makubwa na masikio makali.

Tundu la kumfaa hutokea tawi linapovunjika na mahali pake pakaoza kwa miaka mingi. Ndiyo maana mti mkuukuu, hata uliokauka, si kuni tu. Ukikatwa mchana, huenda komba na watoto wake wamo ndani. Mche unaopandwa leo ni muhimu, lakini utachukua miongo kadhaa kabla ya kuwa na tundu kama hilo. Misindano na mikaratusi hukua upesi na kuleta mapato, ila haiwezi kuchukua nafasi ya msitu wa asili.

Wakazi wanashauriwa:

1. Kuacha miti mikubwa yenye matundu isimame, na kupata kuni kutoka kwa miti iliyopandwa shambani.

2. Kupanda miti ya kiasili kando ya mito na mipaka ya mashamba yanayopakana na msitu.

3. Kutowasha moto ndani ya msitu au karibu nao wakati wa kiangazi.

4. Kutomkamata wala kumfuga komba. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali.

5. Kuwaarifu maafisa wa KWS, wa Huduma za Misitu au chifu wanapoona mitego au ukataji haramu.

Msitu unaomhifadhi komba huyu ndio pia chanzo cha vijito vinavyotegemewa na wakazi wa mabondeni. Anayeuacha mti mkuukuu usimame anailinda nyumba ya komba na maji ya jirani yake.