KUCHAGUA NYUMBA YA KUNUNUA

Mtu atakaye kununua ng'ombe hujiuliza kwanza kama amtaka wa maziwa au wa kuvuta plau, ndipo aende mnadani. Lakini katika kununua nyumba, jambo ambalo wengi wetu hulifanya mara moja tu maishani, mara nyingi mambo hugeuzwa. Mtu huona madirisha makubwa na vigae vinavyong'aa, moyo wake ukashikwa, kisha ndipo ajaribu kuyabana maisha yake yaenee humo. Somo hili ni la wale waliokwisha kuweka akiba, au waliokubaliwa mkopo na chama chao cha akiba, nao wataka kujua nyumba ya namna gani itawafaa.

Kwanza, kaeni nyumbani mwandike katika karatasi jinsi mnavyoishi wiki nzima. Nani huondoka alfajiri, na kazi yake iko wapi? Watoto husoma wapi? Je, mama hushona nguo, hufuga kuku, au hupika maandazi ya kuuza? Ni nani atakayekuja kukaa nanyi katika miaka kumi ijayo? Msione haya kuandika mambo madogo. Karatasi hiyo yafaa iwe tayari kabla ya kuonana na mwuzaji yeyote.

Katika miji ya Kenya, kama Nairobi, Nakuru na Kisumu, mnunuzi huonyeshwa hasa namna tatu: fleti katika jumba la ghorofa, mezoneti, yaani nyumba yenye ngazi ndani yake, na nyumba ya chini iliyo peke yake katika kiwanja, ama iliyokwisha kujengwa, ama utakayojijengea mwenyewe.

Fleti humfaa sana mtu wa kazi za mjini arudiye jioni. Hana ua wa kufyeka, tena aweza kufunga mlango akaenda kwao Krismasi bila hofu kubwa. Lakini katika fleti huishi peke yako. Pampu ya maji, taa za ngazi, mlinzi na uzoaji wa taka, vyote hulipiwa ada ya kila mwezi, ambayo haikomi hata ukimaliza mkopo. Majirani wasipolipa, pampu ikaharibika, wewe uliyelipa utabeba maji kwa mtungi pamoja nao. Basi uliza ada ni kiasi gani, na uwaulize wakaaji, si mwuzaji, kama watu huilipa. Kinu hakitwangwi ghorofa ya tatu. Tena msiba ukiwafika, na watu wakaja kuketi nanyi jioni baada ya jioni kama ilivyo desturi, wataketi wapi?

Kisha kuna ngazi, maana majumba mengi ya ghorofa nne hayana lifti. Mwalimu mmoja, jirani yangu wa zamani, alinunua fleti ya ghorofa ya nne kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na upepo mzuri. Mwaka wa tatu mama yake mzee akaugua magoti, akaletwa mjini awe karibu na matibabu. Siku za kliniki wajukuu wawili walimteremsha kwa kumshika mikono. Siku nyingine zote aliketi dirishani, asikanyage udongo. Mwishowe ilibidi mwalimu apange chumba cha chini kwa ajili yake, huku akiendelea kulipa mkopo wa fleti. Hapo mwanzo hakuna aliyemwuliza habari za mama yake, wala yeye hakujiuliza.

Jambo jingine ni hati. Zamani wanunuzi wengi wa fleti walipewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu tu. Sheria ya mwaka 2020 imeweka utaratibu wa kila mwenye fleti kuwa na hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika vitu vya shirika kama ngazi na uwanja. Uliza kama hati hiyo iko tayari. Tazama pia miaka iliyosalia: ardhi iliyokodishwa kwa miaka 99 tangu 1960 itafikia mwisho 2059, nawe wanunua iliyobaki tu.

Mezoneti ina ua mdogo na yafaa wenye watoto. Hakikisha tu kwamba kuna chumba na choo chini.

Ama kiwanja, mimi nakiri kwamba ndicho nikipendacho, kwa kuwa mtu aweza kujenga vyumba viwili leo na viwili baadaye. Lakini kiwanja cha bei rahisi huwa na sababu yake. Nenda ukakione wakati wa masika, uone kama gari lafika. Rudi wakati wa kiangazi, uulize maji. Hesabu nauli pia. Tuseme ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi: kwa siku 24 za kazi ni shilingi 4,800, na mkiwa wawili ni 9,600, kila mwezi. Na ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi ya mahali hapo yahitajika, na maombi hupelekwa katika miezi sita tangu mapatano. Bila idhini mapatano hayo ni bure.

Ushuru wa stempu nao usisahauliwe, yaani asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini ya shilingi 4,000,000 hudai 160,000 zaidi. Usitoe fedha kabla wakili wako hajafanya upekuzi rasmi wa hati, wala usikubali mapatano ya mdomo. Na mwuzaji akiwa na mke, omba kumwona mkewe na kupata ridhaa yake kwa maandishi, kwa maana tangu sheria ya mwaka 2013 nyumba ya mume na mke haiwezi kuuzwa na mmoja wao bila ridhaa ya mwenziwe.