LESENI SI MWISHO WA KUJIFUNZA
Somo kwa vyama vyenye magari

Madhumuni ya somo hili ni kuwasaidia makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kuelewa jinsi dereva mwenye leseni anavyoweza kufundishwa zaidi, peke yake, katika gari lake na katika barabara anayoipita kila siku. Linafaa kusomwa katika kikundi. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.

1. Leseni inathibitisha nini?

Chama cha msingi kinaponunua pikapu au gari dogo la mizigo, mkutano mkuu hujadili kwa makini bei yake, mkopo wake na bima yake. Dereva, kwa upande wake, huajiriwa kwa nusu saa. Analeta leseni, katibu anatazama tarehe yake, ufunguo unakabidhiwa. Kuanzia siku hiyo mbolea ya wanachama, fedha za malipo ya mazao na uhai wa wajumbe wanaosafiri vimo mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kuketi kando yake ili kumwona anavyoendesha.

Leseni ina maana yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Na. 30 ya mwaka 1973, inakataza mtu kuendesha gari barabarani bila leseni, na kosa hilo si dogo. Hata hivyo leseni inathibitisha jambo moja tu: kwamba siku ya mtihani mwenye leseni alionekana anafaa. Haisemi lolote kuhusu mazoea aliyoyapata miaka kumi baadaye. Haisemi kama amewahi kushuka mlima akiwa na magunia ya kahawa nyuma, wala kama anajua kurudi nyuma katika uwanja wa ghala uliojaa watoto siku ya ununuzi.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo humfariji aliyefikwa na msiba, lakini haufai kuwa mwongozo wa chama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Vifo vingi vya namna hiyo hutokana na mambo yanayojulikana: mwendo wa kasi, ulevi, uchovu, kuyapita magari mengine mahali pasipoonekana mbele, na magari mabovu. Jambo linalojulikana laweza kukingwa.

2. Somo la mtu mmoja linavyoendeshwa

Somo hili si sawa na lile la anayeanza. Anayeanza hufundishwa klachi, gia na alama za barabarani. Dereva mzoefu anayajua hayo. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha yale asiyoyaona mwenyewe, kwa kuwa mazoea ni kama kisogo: mwenye nacho hakioni.

Kwanza, mwalimu huketi kando ya dereva na kumwacha aendeshe kwa kawaida yake kwa muda wa nusu saa au zaidi, katika njia ya kazi yake. Mwalimu hasemi neno, isipokuwa pakiwa na hatari. Anaandika: vioo vilitazamwa lini, kona iliingiwa kwa gia gani, gari la mbele lilifuatwa kwa umbali gani.

Pili, gari husimamishwa mahali salama na wawili hao huzungumza. Mwalimu mwema huanza kwa kumwuliza dereva ajitathmini mwenyewe. Kisha wanakubaliana juu ya mambo mawili au matatu ya kurekebisha, wala si kumi. Dereva wa gari la wagonjwa ana mahitaji yake, wa pikapu ya mbolea ana yake, na anayempeleka mhasibu benki mjini ana yake. Hiyo ndiyo faida ya kumfundisha mtu mmoja mmoja.

Tatu, wanarudi barabarani kuyafanyia mazoezi mambo hayo tu. Hapa hutumika zoezi la dereva kutaja kwa sauti anachokiona na anachokusudia kufanya: “Basi limesimama kushoto, mtu aweza kutokea mbele yake, napunguza mwendo. Bodaboda haina taa ya nyuma, naiachia nafasi.” Dereva asiyetaja kitu hadi akifikie, huyo anatazama karibu mno. Zoezi hili limetumika kwa muda mrefu katika mafunzo ya madereva wa polisi nchini Uingereza. Shule ya udereva ya polisi wa London ilianza huko Hendon katika miaka ya 1930, na kitabu cha mafunzo hayo, Roadcraft, kilitolewa mwaka 1955. Mpangilio wake ni mwepisi kukumbukwa: kupata habari za barabara, kuchagua nafasi, kurekebisha mwendo, kuchagua gia, kisha kuongeza kasi panaporuhusu.

Nne, mwalimu humwachia dereva maandishi mafupi, na baada ya miezi michache huketi naye tena. Bila marudio hayo, mazoea ya zamani hurejea.

3. Mambo matatu ya kuangaliwa zaidi

Mwendo na umbali wa kusimama. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Dereva akiona hatari, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujakanyaga breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari hilo husimama baada ya mita 20 hivi kwa jumla. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hilo hilo huhitaji zaidi ya mita 55. Mwendo umezidi mara mbili, lakini sehemu ya breki peke yake imezidi mara nne. Lami ikilowa, au barabara ikiwa ya changarawe, umbali huongezeka zaidi. Kwa hiyo dereva afundishwe kuhesabu: gari la mbele likipita mti au nguzo, aanze kusema polepole “elfu moja na moja, elfu moja na mbili.” Akifika kwenye mti huo kabla hajamaliza, yuko karibu mno. Wakati wa mvua ahesabu hadi nne.

Mteremko. Barabara ya kutoka Marangu kwenda Himo, au ile ya mlima Kitonga katika mkoa wa Iringa, haimsamehe dereva mwenye mazoea ya kuliachia gari nyutro ili kuokoa mafuta. Gari lililo nyutro halizuiwi na injini, hivyo kazi yote huangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto nguvu yake hupungua. Kanuni ni kuingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko.

Kurudi nyuma. Dereva alizunguke gari kwa miguu kabla ya kuliondoa. Uwanjani pa ghala asirudi nyuma bila mtu mmoja aliyeteuliwa kumwongoza, naye asimame mahali anapoonekana kiooni. Asipoonekana, gari lisimame.

4. Mafunzo yanayodhuru

Si kila mafunzo yanaleta usalama. Nchini Norwei, uchunguzi wa miaka ya 1980 juu ya mafunzo ya kuendesha penye utelezi ulionyesha kuwa vijana wa kiume waliofundishwa walipata ajali zaidi katika utelezi. Waliona wamekuwa mabingwa, wakaongeza mwendo. Kwa hiyo kamati isitafute mwalimu wa kumwonyesha dereva jinsi ya kuokoka gari linapoteleza kwa kasi. Itafute mwalimu wa kumfundisha asifike hapo.

Habari nyingine inawahusu wanaushirika moja kwa moja. Nchini Uswidi, shirika la simu la taifa liliwagawa madereva wake katika makundi ili kulinganisha njia mbalimbali za kupunguza ajali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Mafunzo barabarani yalipunguza ajali, lakini njia iliyopunguza zaidi ilikuwa majadiliano ya vikundi, ambamo madereva wenyewe walitaja matatizo ya kazi yao na kila mmoja akaamua atakachobadili. Ushirika umezoea vikundi vya kujisomea, na njia hiyo si ngeni kwake. Somo la barabarani na kikao cha madereva viende pamoja.

5. Wajibu wa chama

Dereva aliyefundishwa vizuri anaweza kuharibiwa na chama chake. Katibu akimwamuru awe mjini saa mbili asubuhi ilhali ghala limechelewa kufunguliwa, ndiye aliyeukanyaga mwendo. Kamati ikiahirisha kununua matairi hadi msimu ujao, imechagua umbali mrefu wa kusimama. Wanachama wakipanda juu ya magunia kwa kuwa gari ni lao, hakuna mwalimu atakayewasaidia likipinduka.

Kwa hiyo chama kinachotaka kuanza kifanye haya:

(a) Kitafute mwalimu aliyehitimu kutoka shule ya udereva inayotambuliwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya udereva, na vinaweza kuombwa ushauri.
(b) Kiingize gharama katika makisio ya mwaka, pamoja na bima na matengenezo.
(c) Kimweleze dereva mapema kwamba somo si adhabu wala njia ya kumfukuza. Akihofia kibarua chake ataendesha kwa maonyesho, na mwalimu hatauona mwendo wake wa kweli.
(d) Katibu aweke daftari la safari lenye saa ya kutoka, saa ya kurudi, mzigo, na kasoro za gari. Kasoro iliyoandikwa ijibiwe kwa maandishi.
(e) Dereva awe na haki ya kukataa kuondoa gari lililozidishwa mzigo au lenye breki mbovu, na kamati imlinde anapoitumia.

Kipengele cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote. Dereva ni mwajiriwa, na anayemwamuru apakie magunia matano zaidi huenda ni mwenyekiti. Elimu ya dereva itafaa kitu siku ile tu atakapoweza kumwambia mwenyekiti, kwa heshima, “Mzee, gari limejaa,” na mwenyekiti akakubali yashushwe.

Maswali ya majadiliano

1. Ni nani katika chama chenu aliyewahi kupima uendeshaji wa dereva wenu tangu aajiriwe?
2. Tajeni sehemu tatu za hatari katika njia ya gari lenu. Dereva wenu angezitaja zile zile? Mwulizeni.
3. Ratiba yenu ya msimu humlazimisha dereva kukimbia? Nani aweza kuibadili?
4. Dereva wenu amewahi kukataa kuondoa gari? Alijibiwa nini?