SOMO: CHAKULA KWA WATOTO WA ADUI

Mwaka 1921 njaa kali iliipiga Urusi, hasa kando ya mto Volga. Marekani haikuitambua serikali ya Lenin. Hata hivyo, tarehe 20 Agosti 1921, mjini Riga, shirika la Herbert Hoover lilipatana na serikali hiyo: chakula kigawiwe bila kutazama kabila, dini wala siasa, na wagawaji wasiingilie siasa. Mwaka 1922 watu zaidi ya milioni 10 walilishwa kila siku. Uadui haukuisha, lakini watoto walikula.

Tunajifunza nini? Tusingoje amani ikamilike ndipo tupatane juu ya chakula.

Tujadiliane: Katika kambi yetu, nani anaandika orodha? Nani anasahauliwa?