Fimbo Nyeupe

Mwaka wa 1925 Helen Keller, mama asiyeona wala kusikia, aliwasihi wanachama wa Lions huko Marekani wawatumikie vipofu. Mwaka wa 1930, mjini Peoria, George Bonham wa chama hicho alimwona kipofu akijaribu kuvuka njia. Fimbo yake nyeusi haikuonekana vema na wenye motokaa. Basi wanachama wakapaka fimbo rangi nyeupe, zenye mkanda mwekundu, wakawagawia vipofu. Desemba mji ukatoa amri wapishwe njiani.

Na tujifunze: alitazama, kisha wakatenda. Nasi tukutanapo na mwenye fimbo nyeupe, tumpishe. Tusimkamate mkono ghafula, bali tumwulize kwanza. Kwani fimbo ile ni macho yake, si ombi la sadaka.